Kovu la pua: linalokutisha siyo lile la kuliogopa zaidi

Swali: "Dokta habari yako. Nina miaka 27, niko Mombasa. Pua yangu ni pana, ncha yake ni ya mviringo na imelala, tangu shuleni natamani ibadilike na saa hii nimeshaweka akiba. Daktari wa kwanza yuko Nairobi, aliniambia atafungua pua kwa kukata pale katikati ya matundu, atapunguza mabawa, na huenda akachukua kipande cha mfupa laini wa ubavuni. Wa pili yuko Istanbul, tumeongea WhatsApp tu, yeye anasema hufanya kila kitu kwa ndani, hakuna kovu kabisa. Shida yangu ni kuwa nilipotoboa sikio kwa juu nilipata keloidi, lile kovu linaloota na kukua, ya ukubwa wa haragwe, ikakatwa, ikarudi. Mamangu pia anazo kifuani, zilianza na tetekuwanga. Naogopa kuishia na keloidi katikati ya uso. Niende Istanbul? Tena kuna harusi ya ndugu yangu miezi mitatu ijayo, ningependa niwe nimepona."

Jibu:

Dadangu, nimekusoma vizuri na nadhani kilichokusukuma uandike siyo pua, ni ile keloidi ya sikio. Umeshaona ngozi yako inavyoweza kukugeuka, na sasa mtu anakwambia atakata katikati ya uso. Lazima uogope. Na umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa, maana wengi wanauliza baada. Ila wacha nianze na jibu lenyewe halafu maelezo yafuate: kwa hayo uliyoniambia, ule mkato wa katikati ya matundu ndo unaonipa wasiwasi mdogo kuliko yote. Unaonipa wasiwasi hasa ni wa ubavuni, ambao naona daktari aliutaja kwa kupitia tu, ukifuatwa na wa mabawa, yaani zile kuta za nje za matundu ya pua. Na hiyo ahadi ya hakuna kovu kabisa ina ukweli nusu, nusu nyingine hukuambiwa.

Tuiangalie pua kwanza. Huko juu ni mfupa mgumu, kuanzia kama katikati kushuka chini ni gegedu, yaani ule mfupa laini unaopinda ukiubonyeza na kidole. Ncha inashikiliwa na gegedu mbili nyembamba zilizokunjwa, moja kulia moja kushoto, na zote mbili zinashuka pamoja ndani ya kile kijiukuta cha nyama kinachotenganisha matundu mawili hadi kwenye mdomo wa juu. Hicho nitakiita kinguzo ili tusipotezane. Daktari akitaka kubadili umbo lazima azifikie gegedu na mfupa, na njia ni mbili. Njia ya ndani anakata ndani ya matundu tu, anafanya kazi kupitia humo humo, nje hapaguswi. Njia ya wazi anakata hivyo hivyo kwa ndani, akifuata ukingo wa chini wa gegedu pande zote mbili, afu anaunganisha kulia na kushoto kwa mkato mfupi unaovuka kinguzo, ndipo ananyanyua ngozi ya ncha na kuona kila kitu kwa macho yake. Kwa hiyo kwa upande wa nje tofauti ya hizi njia mbili ni huo mkato wa kinguzo basi, na urefu wake ni kama milimita 5 au 6. Watu wakisikia pua inafunguliwa wanafikiria imepasuliwa kutoka kwenye nyusi hadi chini. Hapana.

Na woga wa kovu haukuanza na wewe. John Orlando Roe wa Rochester, kule New York, aliandika mwaka 1887 jinsi ya kurekebisha pua kupitia ndani. Jacques Joseph wa Berlin, huyu ambaye wengi wanamwita baba wa fani hii, alianza mwaka 1898 kwa kukata nje kabisa juu ya pua, na makovu yakaonekana, baadaye naye akahamia ndani. Mwaka 1934 Aurel Réthi wa Budapest akaja na mkato wa kuvuka kinguzo, lakini ulikaa miaka mingi bila kupendwa hadi miaka ya 1970 Wilfred Goodman wa Canada alipouandikia na watu wakaona kwamba kovu lake likishonwa vizuri halionekani kirahisi. Leo hii madaktari wengi sana wanaitumia njia ya wazi kama njia yao ya kawaida, hasa pua ikiwa ngumu.

Sasa kwa nini kovu la kinguzo hupona vizuri? Sababu ni kadhaa na zote zinasaidiana. Pale ni mahali pembamba kwa hiyo kovu lenyewe ni fupi. Pako chini ya pua, kwenye kivuli, mtu anayekutazama usoni haoni isipokuwa ulale kitandani na yeye asimame juu yako. Ngozi yake haivutwi kila unapocheka au kutafuna, na mvuto ndo kitu kinacholinenepesha kovu. Na daktari mzuri hakati mstari ulionyooka. Anakata kwa mtindo wa V iliyopinduliwa au ngazi ya vidato viwili vitatu, kwa sababu kovu lolote hujikunja linapokomaa, na likiwa mstari mmoja ulionyooka linajikunja lote kwa mwelekeo mmoja na kuacha kibonde ambacho mtu akikutazama kwa ubavu anakiona. Likiwa na kona, mvuto unagawanyika. Tena zile kona zinamsaidia wakati wa kufunga, ni kama fundi wa nguo anavyotia alama kwenye kitambaa kabla hajashona ili pande mbili zikutane pale pale zilipoachana. Anachagua pia sehemu ambayo nyuma yake kuna gegedu ya kuegemea, siyo chini kabisa karibu na mdomo ambako ni nyama tupu na kovu likivutwa linazama.

Halafu kuna kushona, na hapa niseme ukweli wangu, naona watu wanabishana sana kuhusu njia ya wazi na ya ndani wakati kilichoamua kovu lao ni zile dakika za mwisho, daktari amesimama masaa matatu, kachoka, anataka kumaliza. Nyuzi za pale ni nyembamba sana, saizi tunaziita sita sifuri au saba sifuri, na kingo za ngozi zinatakiwa ziinuliwe kidogo zikutane zikiwa zimebinuka kwa nje, maana zitashuka zenyewe zikipona. Zikikutanishwa zikiwa zimeingia ndani, kibonde hakikwepeki. Na nyuzi zinatolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Zikikaa wiki mbili zinaacha vidoti pande zote za kovu, hasa kwa ngozi nene yenye mafuta kama zetu wengi.

Likiharibika huwa linaharibika vipi? Mara nyingi ni kibonde kidogo, au ngazi ambayo upande mmoja uko juu kuliko mwingine, au rangi, yaani panakuwa peusi au peupe kuliko jirani. Vyote hivi vinaudhi lakini vinarekebishika, wakati mwingine kwa sindano ya ganzi tu ukiwa umekaa macho. Hatari kubwa zaidi, ambayo ni nadra, ni ngozi ya ncha kukosa damu na kufa. Ule mkato wa kinguzo unakata mishipa midogo inayopita pale, kwa hiyo ncha inabaki kutegemea mishipa inayotoka pembeni juu ya mabawa. Kama daktari ataikwangua sana ngozi kwa ndani kuipunguza unene, na siku hiyo hiyo akakata mabawa juu sana na kugusa hiyo mishipa ya pembeni, na mgonjwa awe mvuta sigara, hapo umetengeneza tatizo. Ndo maana tunasisitiza sigara na shisha ziachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, na zile za kielektroniki ni nikotini vile vile, usijidanganye.

Umegundua sijataja keloidi kwenye hayo. Tuje sasa.

Kovu nene siyo lazima iwe keloidi. Kuna kovu linalovimba lakini linabaki ndani ya mipaka ya kidonda, hilo huanza wiki chache baada ya kuumia na baada ya mwaka hivi mara nyingi linashuka lenyewe. Keloidi inavuka mipaka. Inakula ngozi ambayo haikuumia, inaweza kuanza miezi mingi baada ya kidonda kufunga, inawasha, inauma, haishuki yenyewe, na ukiikata tu bila kuweka tiba nyingine mara nyingi inarudi, wakati mwingine kubwa kuliko ya kwanza, kama ilivyokukuta. Kinachotokea ni kwamba zile chembe zinazotengeneza nyuzi za kuunga ngozi hazipati amri ya kuacha kazi. Ngozi nyeusi inapata zaidi kuliko nyeupe, inatembea kwenye familia, na inapenda zaidi umri kati ya 10 na 30. Wewe una vitu vyote vitatu. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba unajitisha bure.

Lakini keloidi ina mahali pake. Inapenda masikio, kifua katikati, mabega, mgongo wa juu, na taya hasa kwa wanaume wanaonyoa ndevu. Inachukia kope za macho, viganja, nyayo, na utando laini wa ndani ya mwili, na sehemu ya katikati ya uso ni nadra. Mtu mwenye keloidi za kifuani zilizoanza na tetekuwanga kama mamako, muulize hizo hizo tetekuwanga za usoni ziliacha nini, mara nyingi atakwambia vishimo tu. Mvuto wa ngozi unaeleza sehemu ya hili, kifua na mabega yanavutwa kila unapopumua na kunyanyua mkono. Hauelezi yote, maana sikio halivutwi na bado linaongoza, pale kuna mambo ya kutoboa, hereni za chuma kibaya, usaha mdogo mdogo usioisha. Ila kwa hesabu ya vitendo, historia yako ya sikio inaniambia mengi kuhusu sikio lako na kifua chako na kidogo kuhusu kinguzo cha pua yako. Siwezi kukwambia hatari ni sifuri. Zipo keloidi za pua, nyingi nilizoona zimeanzia kwenye kutoboa kipini, tena kile kinundu cha kipini mara nyingi siyo keloidi hata, ni nyama ya kidonda kilichokasirika na kinaisha kikitibiwa.

Sasa rudi kwa daktari wa Nairobi. Anasema huenda akachukua gegedu ya ubavuni. Sababu yake naielewa: pua pana yenye ngozi nene na ncha iliyolala haina gegedu za kutosha kuisimamisha, ukipunguza tu bila kuweka nguzo ndani inaanguka tena au inabaki tope lisilo na umbo. Na ubavu una gegedu nyingi na imara. Lakini mkato wa ubavuni kwa wanawake unawekwa chini ya titi au kwenye mkunjo wake, sentimita 2 hadi 4 hivi, na hapo ni kifua. Binti wa mama mwenye keloidi za kifuani, ambaye yeye mwenyewe ana keloidi iliyorudi. Unaona ninapokwenda? Umeogopa milimita 6 za mahali ambapo keloidi haipendi na hukuuliza lolote kuhusu sentimita 3 za mahali inapopapenda sana. Sikulaumu, hakuna aliyekueleza, na ukiingia Instagram wanaonyesha pua, hawaonyeshi mbavu.

Na njia mbadala? Ya kwanza ni gegedu ya ukuta wa kati ndani ya pua yenyewe, hiyo haina kovu la nje na ndo ningeanza nayo, tatizo kwa wengi wetu ni ndogo na laini, inaweza kutosha kunyanyua ncha lakini isitoshe kujenga mgongo wa pua pia. Ya pili ni sikio, kwa kawaida tunaingilia nyuma, kwa mtu mwingine ningesema sawa, kwako wewe hapana, sikio tumeshaliona linavyofanya. Ya tatu ni gegedu ya ubavu wa mtu aliyefariki iliyotayarishwa maalum, inakuepusha na kovu la kifua, ila haipatikani kila mahali na inaweza kuyeyuka kidogo kidogo kwa miaka. Ya nne ni kipande cha silikoni, rahisi na ya haraka, kovu halina shida, lakini kitu kigeni kwenye pua kinaweza kupata maambukizi au kusukuma ngozi hadi kitoke nje hata miaka mingi baadaye, hasa kikiwekwa hadi kwenye ncha. Mimi silikoni kwenye ncha siipendi. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari wa Nairobi siyo utakata kinguzo au la, ni hili: kwa kuwa nina keloidi, unaweza kupata ninachotaka kwa gegedu ya ndani ya pua peke yake, na kama haitoshi, mpango wa pili ni upi? Akikujibu vizuri hilo umepata daktari. Na wewe pia ujiulize, pengine ukubali ncha iliyonyanyuka na mgongo ubaki ulivyo. Pua nyingi zinazohitaji ubavu zimeuhitaji kwa sababu ya picha ambayo mgonjwa alikuja nayo kwenye simu.

Mabawa. Mkato huu alianza kuuelezea Robert Weir wa New York mwaka 1892 na mpaka leo jina lake halijatoka. Unakatwa kipande chembamba pale bawa linapokutana na shavu, au kwenye sakafu ya tundu, au vyote viwili. Ukiwekwa kwenye ule mkunjo wa asili, au upana wa unywele mmoja tu juu yake, kovu linajificha. Ukiteleza ukapanda kwenye bawa lenyewe, hapo ngozi ni nene, ina vitundu vya mafuta, kovu linang'aa na linaonekana ukiwa umekaa mezani na mtu. Hili ndo kovu la nje ninaloliona likilalamikiwa zaidi kuliko la kinguzo. Keloidi hapa bado ni nadra, lakini siyo nadra kama pale kati. Ushauri wangu kwako ni kwamba mabawa yasubiri. Ncha ikinyanyuliwa, mabawa yenyewe huonekana kupungua upana bila kuguswa, na mengine yanayobaki yanaweza kukatwa baadaye kwa ganzi ya kawaida, ukiwa umeshaona kinguzo kimeponaje. Kilichokatwa hakirudishwi na tundu lililobanwa sana kulipanua ni kazi ngumu mno.

Hapo ndo narudi Istanbul. Kuna madaktari wa pua wakali sana kule, wa njia ya ndani pia, sitaki kumsema mtu nisiyemjua. Ila muulize hivi: mabawa utayapunguza vipi kwa ndani? Kwa sababu kupunguza bawa lenyewe bila mkato wowote wa nje haiwezekani. Ama hatayapunguza, ama atayavuta na uzi kwa ndani, ambao unaweza kulegea, ama atakata kwenye sakafu ya tundu na hilo ni kovu. Na makovu ya ndani nayo ni makovu. Nayo yanajikunja. Yakikaa vibaya pale pua inapobana zaidi, njia ya hewa inakuwa nyembamba na mtu anabaki na pua nzuri ya picha huku usiku analala mdomo wazi. Njia ya wazi nayo ina makovu ya ndani hayo hayo, kwa hiyo siyo kwamba moja ni salama nyingine siyo. Njia ya ndani ina faida zake za kweli, uvimbe wa ncha unashuka mapema zaidi, ganzi ya ncha haikai sana, na kwa mtu ambaye shida yake ni nundu ya mgongo wa pua tu ningemshauri aifuate. Lakini kwa ncha iliyolala chini ya ngozi nene, ambapo lazima gegedu zishonwe na kusimikwa kwa vipimo, wengi wetu tunaona bora zaidi tukifungua. Ukichagua ya ndani kwa kukwepa milimita 6 halafu ncha ikatoka kombo, marekebisho yake karibu kila mara yatafanywa kwa njia ya wazi, tena juu ya ngozi iliyokwisha kuumia, na kovu la mara ya pili siyo zuri kama la mara ya kwanza.

Kingine kuhusu kusafiri, na kwako hiki ni kikubwa. Nyuzi na plasta ngumu zinatoka kama wiki moja, unapanda ndege, unarudi nyumbani. Keloidi haitokei wiki ya kwanza. Inatokea mwezi wa tatu, wa sita, hata baada ya hapo, wakati wewe uko Mombasa na yeye ana wagonjwa wengine. Anayetakiwa kukuona wakati huo lazima alishike kovu na vidole, alione kwenye mwanga, achome sindano mapema likiwa bado dogo. Picha ya WhatsApp haimwambii mtu kama kovu ni gumu au laini. Ukienda, basi kabla ya kuondoka uwe na daktari wa hapa aliyekubali kukufuatilia, na siyo wote wanakubali kupokea kazi ya mwenzao.

Harusi ya miezi mitatu, hapana. Utaweza kwenda, utapendeza, hakuna atakayejua, lakini ncha bado itakuwa imevimba, kwa ngozi nene uvimbe unashuka kwa mwaka mzima na zaidi, na kovu mwezi wa pili hadi wa tatu ndo liko kwenye hali yake mbaya zaidi, jekundu au jeusi na gumu, ndo wakati wagonjwa wanapiga simu wakilia. Linaanza kulainika baadaye na linaendelea kukomaa hadi miezi 12 hata 18. Ukilitazama mwezi wa tatu ukaamua limeharibika utakimbilia kitu ambacho hakihitajiki. Sherehekea kwanza, ufanye baada.

Maandalizi. Kama unatumia mkorogo au krimu yoyote ya kung'arisha, acha sasa na umwambie daktari bila aibu, nyingi zina steroidi, zinaifanya ngozi nyembamba na kidonda kinachelewa. Aspirini, brufeni, vidonge vya vitunguu saumu na vya mafuta ya samaki daktari atakwambia uache kama wiki mbili kabla sababu vinaongeza kutoka damu, ila dawa uliyoandikiwa na daktari mwingine usiiache bila kumuuliza. Baada ya kidonda kufunga kabisa, kama wiki mbili hivi, jeli ya silikoni kila siku kwa miezi miwili mitatu, losheni ya kuzuia jua, na kwa mtu kama wewe ningetaka kukuona kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza. Kovu likianza kuinuka au kuwasha, sindano ya triamsinoloni, steroidi ya kushusha kovu, mapema, ambayo daktari anairudia kila wiki kadhaa. Nayo isizidishwe, inaweza kula nyama ikaacha shimo na kung'arisha ngozi. Limau, dawa ya meno, mafuta ya nazi yenye kila kitu ndani, wacha. Na hiyo keloidi ya sikio itibiwe kwanza, na itibiwe vizuri, kwa sindano na siyo kukatwa tena peke yake, hapo tutaona pia ngozi yako inavyoitikia dawa kabla hatujagusa pua.

Usije ukasema basi nitachoma fila, ile dawa ya kujaza chini ya ngozi, ili nikwepe kisu. Mishipa ya pua inaungana na ya jicho, dawa ikiingia kwenye mshipa ngozi ya ncha inaweza kufa na jicho linaweza kupofuka, na ngozi iliyokufa inaacha kovu ambalo hakuna mkato wa kinguzo unaolikaribia. Tena kwa ncha iliyolala fila hainyanyui sana, mara nyingi inaongeza ukubwa tu.

Haya yote nimeyasema bila kukugusa pua wala kuliona sikio, kwa hiyo kabla ya kuamua nenda ukaonwe ana kwa ana na daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki au wa masikio, pua na koo anayefanya pua mara kwa mara, jina lake ulitafute kwenye orodha ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kwanza, ni bure na iko mtandaoni. Mwonyeshe sikio bila kuombwa. Nenda na mamako akubali kuonyesha kifua chake, najua siyo rahisi lakini daktari akiona kwa macho ataelewa kuliko maelezo yako yote. Omba kuona picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yako, zilizopigwa kwa chini pua ikiwa juu, baada ya mwaka, siyo baada ya wiki tatu wakiwa na vipodozi. Akikataa kuonyesha picha za chini, shukuru, ondoka.

Na ukishafanyiwa, popote pale, kuna mambo hayasubiri asubuhi: ncha ya pua ikiwa nyeupe, ya zambarau au nyeusi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua pamoja na pua kuziba kabisa ghafla, homa, usaha, au damu isiyokata ukiwa umeinama mbele na kubana. Kuziba na maumivu inaweza kuwa damu imejikusanya kwenye ukuta wa kati, na gegedu ikikaa bila damu siku chache inakufa na pua inabonyea. Hapo unaenda hospitali iliyo karibu yenye daktari wa pua saa hiyo hiyo, wa Istanbul au wa Nairobi utampigia ukiwa njiani.